Maana ya Kwanza

Kamusi ya stoo, jalada limeliwa na mende,
imeniambia jana, mvua ikilipiga bati la Tukuyu
kama inayodai deni:

shule si letu.
Katuachia Mjerumani, pamoja na boma na daftari la kodi.
Naye hakulizaa. Aliliokota kwa Mrumi, schola,
na Mrumi alikuwa ameliazima kwa Mgiriki
asirudishe, kama jirani na ungo.
Mwingereza akapita na lake;
Unguja wakalipokea, wakaliita skuli,
na bibi yangu huku Rungwe akaligeuza ulimini
likatoka isukulu.

Lakini huyo Mgiriki, mwenye mali,
alikusudia nini?
Nikasogeza tochi ya simu.
Mapumziko, imeandikwa. Wasaa.
Saa za mtu ambaye mikono yake haina kazi.

Nikacheka peke yangu hadi kikohozi kikanikamata.
Mapumziko!
Sisi tuliokwenda na jembe Jumatatu,
kuni Jumatano,
Ijumaa ndoo ya samadi kichwani,
sweta halijakauka tangu Machi.
Kaka yangu Gwakisa, ndiyo, yeye walimpumzisha,
darasa la sita, kwa kukosa mchango wa dawati.
Hadi leo anachuma chai, mzani unamsomea.

Nilikuwa naifunga
nilipomkumbuka mama.

Mwaka ule wa kisomo cha jioni
Subilaga aliingia darasani mwangu,
kitenge kimelowa, vidole vyeusi kwa majani ya chai,
akakaa dawati la mbele.
Nikampa herufi a.
Akaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu;
ya nne ikateleza, ikawa mstari
ulioshuka taratibu hadi ukingo wa karatasi.
Amelala.

Wenzake wakaguna. Nikainua chaki: kimya.
Maisha yangu yote sikuwahi kumwona ameketi
bila kumenya, bila kupepeta,
bila mtoto, bila kumngoja mtu.

Alipozinduka aliniomba radhi,
mimi, niliyemlilia mgongoni.
Kisha akatazama madawati, ubao, taa ya chemli.
"Ndaga, mwalimu," akasema.
"Hapa pazuri. Hapa watu wanakaa."

Kamusi nimeirudisha stoo, juu ya magunia ya mahindi.
Ila kando ya neno lile
nimeandika kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo:
jioni moja, kweli.