Pondo

Nilikwenda Bahi na daftari jipya
na swali nililolinoa njia nzima:
je, mlikuwa na hofu?
Nilitaka riwaya. Nilitaka usiku, dhoruba,
mwanamke mrembo amesimama omoni,
barua ya kutoka Kagera imelowa kifuani mwake.

Bibi Trifena alikuwa anapepeta mchele.
"Hofu ya nini," akasema, "maji yenyewe ya kiunoni."

Mwaka ule malori yalikwenda vitani pamoja na waume.
Mvua ikaja kama mdai,
ikaikalia barabara ya Chipanga
miezi mitatu, haitaki kuondoka.
Ng'ambo mtama umejaa vihengeni;
huku stesheni mabehewa yamepanua midomo,
na redio ya bwana stesheni inasema jeshi linakwenda, jeshi linakula.

Basi wakashuka majini wanawake kumi na mmoja.
Mgogo na mtumbwi! walicheka watu wa relini,
mbuzi na ngazi.

Mtumbwi mmoja waliazima kwa wavua kambare.
Wa pili aliuchonga fundi aliyezoea mizinga ya nyuki,
kwa hiyo ulikuwa na tumbo nene
na ulipenda kuzunguka.

"Kazi ilikuwa mgongo. Andika hivyo.
Unalizamisha pondo, tope linaling'ang'ania.
Mtumbwi unakwenda, pondo linabaki,
na wewe katikati, uchague."
Foibe alichagua pondo.
Akabaki amelikumbatia kwenye maji mapana,
kanga imemvimba kiunoni kama chungu,
akitukana kwa Kigogo
matusi ambayo, bibi anasema, sitakutajia,
wewe una daftari.

Ruba miguuni. Mafunjo yanakata kama wembe.
Kata moja ya kufulia maji, mitumbwi miwili.
Gunia likilowa, karani halihesabu.

Jioni karani anafungua leja.
Magunia manne: Yohana Chidosa.
Magunia matano: Mathayo Mhuha.
Yohana yuko Mutukula, anachimba handaki.
Mathayo hajulikani aliko.
Lakini leja haikuwa na mahali pa wake zao,
kwa hiyo wanaume wale walipiga pondo Bahi
msimu mzima, wakiwa vitani,
na Trifena na Foibe wakachovya dole gumba
wakapokea mshahara wa watu wasiokuwapo.

Hapo niliweka kalamu chini.
Bibi hakuniangalia. Alikuwa ameona jiwe kwenye ungo.

"Barua ilikuja kwa treni ya Jumanne.
Foibe aliisoma amesimama.
Akaikunja, ikawa ndogo kama punje,
akaisokomeza kwenye ufa wa ule mtumbwi mnene,
akaipaka nta juu.
Akasema, twendeni, jua linapanda.
Maiti hapigi pondo, unaelewa?
Maiti halipwi.
Ana watoto wanne, na masika bado wiki sita."

Wiki sita Mathayo alibeba magunia matano kwa siku.
Siku moja alibeba saba.
Wale kumi na mmoja walijua wote;
matanga waliyakaa juu ya mtama,
bila kulia, kwa sababu sauti husafiri majini
na karani alikuwa na masikio.

Mtumbwi upo. Nyuma ya zizi la mjukuu wa Foibe,
ng'ombe wanaunywea.
Niliinama, nikatafuta ufa kwa vidole,
nikaupata, mgumu, laini juu yake.
Ndama alinisukuma kwa pua, anataka maji yake.
Sikukwangua.

Niliporudi kuaga, bibi alikuwa anafunga kilo mbili
kwenye mfuko, zawadi, za kwenda nazo Dodoma.
"Na hicho kitabu," aliuliza,
"watakulipa kwa jina la nani?"

Nikamtajia jina langu.
Akalirudia mara mbili, polepole,
kama mtu anayepima gunia kwa mkono
kabla ya kulipakia.