Lita Nane na Nusu

Huku Osaka chumba hupimwa kwa mikeka.
Changu ni mikeka minne na nusu,
na ile nusu ndiyo yenye dirisha.

Mezani pana jiko la wali, pana miwani, pana kopo la kalamu,
kisha pana uwazi wa sentimita ishirini na moja
nilioupima mara tatu kwa tepu ya cherehani,
kwa kuwa tepu ya chuma alibaki nayo Chizuru.

Kasha la zamani lilikuwa kabati.
Lilisimama sebuleni kwetu, kule Sakai,
kioo ubavuni, taa za rangi saba tumboni,
Chizuru akilitundikia soksi zilizolowa
maana, alisema, angalau lina joto.
Ungeweza kufuga sungura mle.
Tulipogawana vyombo yeye alitwaa sofa,
mimi nikabeba matumbo ya mashine:
ubao mama, feni mbili, kumbukumbu,
na kadi ya michoro, ndefu kama mkono wa mdai,
milimita mia tatu na nne.
Kasha lenyewe tuliliachia gari la taka.

Basi Jumamosi nateremka Nipponbashi,
ngazi nyembamba, duka la ghorofa ya tatu.
Bwana Nagatomo ana plasta kwenye kidole gumba;
alumini humkata kila mwezi, asema,
na kila mwezi huisamehe.

Hili la lita saba: jeusi, kimya kama meneja wa benki,
lakini kadi yangu ingechomoza
kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.
Hili lina mpini wa ngozi. Kwani nasafiri kwenda wapi?
Hili ni kioo mbele na nyuma; feni itavutia wapi pumzi?
Hili la mbao, bei yake ni kodi yangu ya miezi miwili.
Hili nikiligonga linaitika kama sufuria tupu.
Nyumba njema si mlango:
nafungua moja moja, natumbukiza mkono,
napapasa pembe za ndani kama daktari wa mifugo.

"Pawasaplai?"
Ile ndogo.
"Kipoza joto?"
Kifupi, kinaingia popote.
"Na kadi?"
Namtajia.
Anafyonza hewa kwenye meno
kama tufanyavyo huku tukiogopa kutamka hapana.

"Wengi huja na fanicha wakitafuta nyumba," asema.
"Wewe nyumba unayo. Ina sentimita ishirini na moja.
Fanicha gani unaihitaji kweli?"

Kadi ile tuliinunua wawili,
kwa fedha tulizoweka kwa ajili ya safari,
tukalime usiku shamba lisilokuwepo,
tukimwagilia maboga yasiyolika,
yeye akishika ndoo, mimi jembe,
mpaka saa nane, mpaka macho mekundu.
Siku hizi nafanya nini?
Napanga hesabu za ghala. Natazama besiboli.
Nampigia mama kule Wakayama
naye ananionyesha paji la uso tu.

Nikachagua la lita nane na nusu,
la kijivu, matundu madogo madogo ubavuni,
lisilo na taa hata moja.
Nagatomo akanipunguzia yeni mia tano
bila kusema ni kwa ajili ya nini.

Nililiunga usiku ule, magoti juu ya mkeka.
Nyaya zilikataa, zikabembelezwa, zikakubali.
Skrubu moja ilipotea, ingali imepotea.
Mahali pa kadi pamebaki wazi, hewa yapita;
kadi yenyewe iko chini ya godoro, ndani ya taulo.

Likawaka bila kelele.
Likatosha mezani, na sentimita mbili zikabaki
ambazo sijui nizifanyie nini.

Asubuhi mvua ilinyesha. Nikalitundikia soksi.
Jioni niliporudi kutoka kazini
zilikuwa bado mbichi.