Vidonge Ndani ya Uwele

Nilikuwa napepeta uwele,
upepo wa Hombolo ukinisaidia kwa kelele zake zilezile,
pumba zikihamia kwa jirani bila kuaga,
nikaona cheupe kimegoma kuruka.
Kimoja. Kingine. Nikazamisha mkono debeni hadi kiwiko:
vidonge thelathini na vinne vya presha ya mume wangu,
vimelala na nafaka kama mbegu ya msimu ujao.

Jogoo akawahi kimoja.
Nikamtazama kwa hofu. Aliwika tu.

Kumbe ndiyo haya, Hezekia.
Tangu tuvune zabibu za Machi
unaingia kitandani na shati,
unageuza uso ukutani,
unakoroma kabla usingizi haujafika.
Nami nikawapitia wanawake wa kijiji mmoja mmoja,
nikamkamata karani wa ushirika, yule mwenye mwanya,
nikamnyima salamu kanisani Jumapili nne,
mtoto wa watu, hana kosa.
Hata khanga mpya nilijifunga.
Ulisema, "Rangi nzuri," ukazima taa.

Sikupiga kelele. Nilivipanga kwenye kisahani,
nikakuwekea kando ya mlenda,
ule usio na chumvi unaouita chakula cha wodini.
Ulivitazama hadi ugali ukapoa.
Kisha ukaitoa sauti kama mtu anayejichomoa mwiba:
"Nikivimeza, Sechelela, mimi si mwanaume.
Nisipovimeza, kisogo kinapiga ngoma.
Nikachagua ngoma."

Miaka ishirini na sita nakufulia nguo,
sikuwahi kukuona uchi kama usiku ule.

Mficha uchi hazai, husema watu.
Sisi tulizaa sita kwanza,
ndipo tukaanza kuficha.

Jumanne, kituo cha afya.
Tabibu ni kijana, rika la mwanetu wa tatu.
Ukamwambia mgongo unakusumbua.
Nikasema, "Si mgongo."
Kile kitambaa kikakukaba mkono, kikapumua,
mia na themanini na mbili,
naye kijana hakucheka, hakutazama dirishani.
"Mzee, presha yenyewe huharibu mishipa ya damu,
hata ile unayoifikiria,
na huanza kabla hujameza chochote.
Dawa nazo, baadhi, huweza kuchangia.
Zipo nyingine, tutajaribu. Ila usiache kimyakimya,
utaanguka shambani tukuokote kwa machela.
Na ile mizizi ya soko la Majengo, umeshakunywa?"
Ukatazama viatu vyako.
Mizizi! Hilo nalo nikalisikia pale pale kwenye benchi.

Wiki ya tatu sasa. Sina muujiza wa kusimulia.
Asubuhi nakuhesabia kimoja,
unameza, unanitolea ulimi nikague kama mtoto wa chekechea.
Usiku unavua shati.
Kuna siku inakuwa, kuna siku haiwi,
na isipokuwa tunaongea,
bei ya zabibu, mpangaji asiyelipa, yule karani
niliyempelekea kuku wa kumwomba radhi
bila kumwambia radhi ya nini.

Jana, usingizini kabisa, uligeuka kutoka ukutani.
Mkono wako ukaniangukia tumboni,
mzito, una harufu ya salfa ya mizabibu.
Nikauacha pale.