Mdomo Chini

Mvua ya kwanza ikigonga mabati ya Katuba
sikimbilii nguo kambani.
Nakimbilia chumba cha nyuma, kwenye pupu ya Baba.
Wengine huiita gobore. Sisi tulisema pupu,
kama mtoto anavyokitaja kitu
kabla hajafundishwa kukiogopa.

Karatasi yake imo ndani ya kopo la biskuti,
muhuri umefifia, jina lasomeka: Kisimba Mwelwa.
Kaka yangu Ngosa alipiga simu toka Kolwezi:
iuze, chuma chakavu, inakula nafasi.
Nikamjibu nafasi ni yangu,
na mimi ndiye ninayelala nayo.

Siku niliyoiteremsha, nilitaka kuipaka mafuta tu,
haya haya ya cherehani, niirudishe ukutani.
Mpoyo fundi baiskeli akanishika mkono.
"Kwanza iulize kama imeshiba."

Tukateremsha ufito ndani ya mtutu. Ukagota.
Akaweka alama ya kidole, akautoa,
akaulaza nje, sambamba na chuma:
shibiri nzima ilipungua.

Shibiri nzima ya kitu
kilichokaa miaka tisa juu ya kichwa cha Mama
akichambua sombe, akisali, akikohoa.

Mbabula tuliipeleka uani, na makaa yake.
Tukamwaga maji mtutuni, baruti izame usiku kucha.
Alfajiri Mpoyo akafunga parafujo kwenye ncha ya ufito,
akazungusha, akavuta polepole
kama anayetoa funza kidoleni.
Likatoka donge la tambara.
Kikatoka kipande cha nondo.
Likatoka tambara la pili, na uji mweusi
unaonuka yai viza.

Tambara nililifua.
Njano, na jicho la tausi.
Kitenge cha Mama, kile kile
tulichodaiwa kukikata kwa wembe tukicheza harusi.
Nilichapwa mimi. Ngosa akalia kwa niaba yangu.
Baba alikuwa anakula bukari,
hakuinua kichwa.

Sasa kazi naijua.
Maji ya moto na sabuni ya kipande,
maana masizi ya baruti yana chumvi,
na chumvi huita maji hata kwenye nyumba kavu.
Kitambaa kiingie cheupe mpaka kitoke cheupe.
Kausha. Ukidhani umekausha, kausha.
Mafuta kidogo, kama jasho la shingo.
Mawese usithubutu: yanaganda, yanachacha,
mende wanafanya arusi.
Usizibe mdomo kwa tambara, unyevu utafungiwa ndani.
Usiivike mfuko wa ngozi,
ngozi hunywa mvua kimya kimya
kisha huitapikia chuma.

Na isimame mdomo chini,
mafuta yasitiririkie mbao za kitako yakazilainisha.
Hapo ndipo inapofanana naye, pale mezani.

Kiangazi kikija, vumbi la mji huu
ni jekundu kama kutu yenyewe.
Napitisha kidole gumba:
kikitoka, ni vumbi;
kikibaki, naanza upya.

Kuna doa moja karibu na tundu la moto.
Nimelisugua kwa majivu, kwa mafuta ya taa,
kwa ukucha wangu mwenyewe.
Halitoki. Nalipaka mafuta juu
ili angalau lisizae.

Pasaka, Ngosa alikuja.
Nikamwekea lile tambara kiganjani.
Akacheka, akaligeuza, akanyamaza.
"Alishindilia ampige nani?"

"Mnyama," nikasema. "Labda mnyama."
Nje mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Kipushi.
Nikampa kitambaa chenye mafuta,
nikamwambia ashike upande wa kitako,
mimi nishike huku.