Kilo Nne na Robo

Nyandwi alikuwa ameitundika kati ya sola na vyandarua,
bado ina plastiki shingoni.
"Orijino hiyo," alisema.
Kisha, kwa kuwa ananijua tangu enzi za klabu ya reli:
"Haya, Butoyi. Inafanana na orijino."

Imekuja kwa meli, halafu kwa treni,
ikaishia hapa Mwanga kwa sababu reli nayo inaishia Kigoma.
Rangi yake ni ya mawese sufuriani:
katikati njano, kisha wekundu,
pembeni pameungua.
Aliyeipaka hajawahi kuona mawese.
Alikuwa na picha ukutani na zamu ya saa kumi na mbili.

Kichwani, jina. Nikavaa miwani.
Herufi moja wameihamisha,
kama mtu anayedanganya umri kwa mwaka mmoja tu.

Nikaikagua kama mbuzi wa mahari.
Shingo: nikafumba jicho moja, imenyooka.
Funguo nne: mbili laini, moja inakwaruza,
ya mwisho inazunguka tu, haiamui.
Pingili ya saba, uzi unanung'unika.
Skrubu moja imeingia upande.
Gundi bado inanuka.

"Uzito?"
Nyandwi hajui uzito. Anajua bei.
Nikaivusha barabara hadi kwa Bi Tabu,
akamwaga dagaa wake kwenye ungo,
akaifuta sahani ya mizani kwa ncha ya khanga:
kilo nne na robo.
"Ya kukaanga," akauliza, "au ya kuchemsha?"

Ile ya kwanza ilizidi hapo.
Haikuwahi kupimwa, ila bega langu la kushoto
bado limeshuka kidogo.
Ilivuka ziwa kutoka Kalemie ndani ya blanketi,
mwaka ambao klabu ilikuwa na taa zote.
Mpigaji alikuwa Bukuru, pacha wangu,
aliyenitangulia kutoka tumboni kwa robo saa.
Mimi niliibeba. Nilikaa nyuma ya spika,
mvumo ukinifikia gotini kabla ya masikioni.
Siku akiumwa nilipanda jukwaani na shati lake,
na wachezaji hawakusimama kuuliza.
Mmoja tu, mwanamke wa Ujiji,
alinisogelea katikati ya wimbo, akasema:
"Wewe siye. Lakini endelea."

Besi tuliiuza ili atibiwe.
Ikaenda. Naye akaenda.

Watu husema, ukiona vyaelea, vimeundwa.
Juu ya vilivyoigwa sijasikia wakisema neno,
na vyenyewe kuna mkono uliovikaza,
kuna mtu aliyepiga miayo
akifikia skrubu ile ya upande.

Nyandwi akawasha spika kwa betri ya sola.
Nikagusa uzi mnene, mtupu, bila kubana pingili.
Vifuniko vya sufuria rafuni vikajibu.
Ng'ambo ya barabara Bi Tabu akainua uso,
akaweka kiganja juu ya sahani ya mizani
kama anayetuliza mtoto.
Nikaupiga tena, nikasubiri.
Mvumo ulishuka. Haukufika sakafuni.
Ulifika gotini,
na mimi kusikia nilijifunzia hapo.

"Laki nne na themanini."
Nikamwonyesha pingili ya saba.
Nikamwonyesha ufunguo usioamua.
Nikamwonyesha herufi.
"Herufi haipigwi," akasema Nyandwi.
Kweli, haipigwi.

Tulisimama kwenye laki tatu na nusu,
pamoja na waya, pamoja na mkanda,
na ile plastiki asiitoe, nitaitoa mwenyewe.
Tupa ninayo nyumbani.
Pingili ya saba nitaipunguza taratibu,
usiku, umeme ukiwepo,
nikipuliza vumbi la chuma,
nikiusikiliza uzi
mpaka uache kulalamika,
au mpaka niuzoee.