Upindo wa Bendera

Wameniletea bendera ya zawiya
imekunjwa ndani ya mfuko wa sukari.
"Iwahi Ijumaa," kasema khalifa Feruzi,
"panya wamekula jina la Jilani, limebaki Ji."

Uani jirani anachemsha mawese,
Ujiji nzima imeingia puani mwangu.
Nafumua.

Uzi mweusi wa juu ni wa mama,
mwaka ziwa lilipopanda likalala barazani.
Chini yake katani, mishono mirefu ya haraka:
huyo ni bibi, Kashindi,
aliyevushwa kutoka Umanyema na pembe kichwani,
pembe si yake, kichwa nacho hakikuwa chake.

Aliingia mji huu hana jina la baba.
Wakamkaribisha kwenye duara,
akapewa silsila: fulani kwa fulani kwa fulani
mpaka kwa Mtume,
ndefu kuliko ukoo wa bwana aliyemnunua.
Tangu siku ile, akiulizwa "wewe wa nani?"
alianza kuhesabu, na muulizaji akachoka kwanza.

Wanaume walisoma ndani, kwenye mikeka.
Wanawake uani waliipokea kwa pumzi,
kifua kinashuka, kifua kinapanda,
pumzi ileile aliyopandia vilima na mzigo.
Alisema: njiani nilihema nisife.
Hapa nahema, basi.

Ndani ya upindo kuna kitu kigumu.
Nakitoa kwa ncha ya sindano:
kitambaa cha mwale, rangi ya ugoro,
ufumaji wa kwao, upana wa vidole vinne.
Maulidi ngapi kimepepea kimya,
juu yake Bismillahi?

Idrisa wa kaka yangu yuko mlangoni,
karudi masomoni na ndevu changa.
"Shangazi, hicho si dini."
Najua.
"Hata dufu. Hata kule kuhema."
Nimesikia, baba.

Simjibu zaidi. Cherehani inakohoa,
na macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano.
Nampa uzi.
Anaulamba, anaupitisha mara moja tu,
na midomo yake, kabla hajaizuia,
imetamka jina lilelile alilofundishwa na bibi
akiwa bado ananyonya kidole.

"Shika upindo," namwambia, "uvute usikunjamane."
Kitambaa kimerudi mahali pake.
Ameona. Ameshika.
Bado hajasema kitu, na mawese yanaanza kuungua.