Ulimbo

Nilikuwa golini, Piroska. Nimeutazama mgongo wako miaka kumi na mmoja:
namba kumi na saba, bega la kushoto limeshuka kidogo,
na ule ulimbo mweusi vidoleni, hautoki kwa sabuni;
hata mkate uliuachia alama za dole gumba.

Hatua tatu. Sekunde tatu. Kisha uachie.
Hakuna kung'ang'ania.

Fainali ile goti lilialika kama kijiti,
ukapiga penalti uzito wote mguu mmoja.
Kombe tulilipitisha mbele ya kiwanda cha sukari.
Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa.

Leo nimekaa viti vya nyuma, ukumbi wa halmashauri.
Ajenda ya sita: bomba la maji moto, Mtaa wa Malom.
Bwana Kelecsényi ameikalia hoja dakika arobaini,
hapigi, hatoi pasi,
na refa hayupo.
Nakuona midomo: moja, mbili, tatu.

Unanyosha mkono. Wa kushoto.
Wajumbe wanajikunja bila kujua, kama makipa.
Unauliza tu: "Fedha za bomba ziko wapi?"

Kura saba kwa nne. Tumefungwa.

Nje theluji. Navizia vidole vyako chini ya taa.
"Huku," unasema, "ulimbo hupakwi. Unaletewa kwenye bahasha."
Unacheka, unajipangusa kwenye koti mikono isiyo na kitu,
kisha unaniomba gari:
kuna hita ya kumpelekea mjane Ágota, Malom,
kabla hajalala.